Vitumbua vya Bi Kazija

Kila Alkhamisi baada ya alasiri, Mwanamwema binti Simai alijitanda buibui, akabeba bakuli la kaure na kupita vichochoro vya Mlandege. Yeye na wanawake wenzake wa mtaani walichangishana mchele, sukari, nazi na sabuni, wakawapelekea wasio na mtu. Hakuna aliyewaamrisha. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na shughuli zake, na tumbo la maskini halingoji.

Fungu la Mwanamwema lilikuwa Bi Kazija, mjane wa Makunduchi asiyejaaliwa mtoto, aliyebaki peke yake katika chumba kimoja cha uani. Mwanamwema alijiapia kwamba bibi huyu hatakufa na njaa maadamu yeye yu hai.

Bakuli lilikwenda na mchele, na Ijumaa likarudi na vitumbua. Ndiyo ada yetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu, japo utie ndimu moja. Na vilikuwa vitumbua hasa, laini, vinanukia iliki. Wanawake walivigombania. Mwanakheir, aliyeweka michango yao, alisema, "Mwambie Bi Kazija wiki ijayo azidishe." Mwanamwema akaufikisha ujumbe huku akicheka, na Bi Kazija naye akacheka.

"Ntazidisha, mwanangu."

Akazidisha, na mwili wake ukazidi kupungua. Mwanamwema aliiona mifupa ya shingo ilivyotokeza, akamletea dawa ya homa.

"Unakula lakini, Bi Kazija?"

"Nshakula, alhamdulillahi."

Akaridhika. Mchele ule ulitosha ama kupika wali ama kutwanga wa vitumbua, si vyote viwili, na Mwanamwema alikuwa mpishi anayeitwa mpaka kwenye harusi za watu. Hilo ndilo linaloudhi. Asiyejua jiko angesamehewa.

Ijumaa moja bakuli halikurudi. Mwanamwema akaenda, akabisha hodi, kimya, akasukuma mlango. Bi Kazija alikuwa amelala, macho yamezama. Mchele wa jana ulikuwa umerowekwa ndani ya bakuli, haujatwangwa. Chungu cha wali kilikuwa kikavu, na buibui ametanda ndani yake.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema Bi Kazija. "Mikono imekataa kutwanga. Leo chombo chenu kitarudi kitupu."

Hapo Mwanamwema akaelewa yote. Alikoroga uji palepale, akamlisha kwa kijiko. Bi Kazija akameza kidogo, uliobaki ukamtoka pembeni mwa mdomo. Alikata roho kabla ya magharibi.

Alkhamisi iliyofuata Mwanamwema alimpelekea Bi Wanu, mjane mwingine wa mtaa uleule, mchele uliofungwa kwa jani la mgomba, pasiwe na chombo cha kurudishwa. Bi Wanu aliliangalia lile jani, asinyooshe mkono.

"Mwenzangu Kazija mlimtilia kwenye kaure," alisema. "Mimi ndio mnanitupia kama kuku?"

Akafunga mlango. Mwanamwema alirudi nyumbani huku analia, akautia mchele kwenye sahani yake nzuri, akaupeleka tena, na safari hii ukapokelewa kwa dua.

Asubuhi ya Ijumaa sahani ilirudi na mkate wa kumimina, wa mchele uleule, bado wa moto. Mwanamwema aliutazama. Kuula hakuweza, na kuurudisha pia hakuweza.