Viatu vya Fundi Mwashi

Wodi ya dharura ilikuwa na madaktari wake, lakini aliyeogopwa ni nesi mmoja mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha jirani. Wagonjwa walimbandika jina la Mama Viatu. Mtu akizinduliwa baada ya kuzidisha dawa kali za maumivu, yeye humvua viatu na kuviweka chini ya meza yake. Hata mawifi zake humtania: ukienda kwa wifi, nenda peku.

Siku moja aliletwa fundi mwashi, midomo imeshabadilika rangi. Mgongo ulimtesa, akabugia vidonge vya mofini vilivyobaki baada ya baba yake mgonjwa kufariki. Mama Viatu akamdunga sindano ya nalokisoni, dawa ya kuizima mofini. Punde si punde fundi akakaa kitako, akaanza kufoka, maana mgongo nao ulikuwa umeamka.

"Nipeni viatu vyangu. Nina ukuta unanisubiri."

"Utasubiri."

"Dada, si ameshapona?" mkewe aliyemleta akauliza. "Mtu anafoka hivi, anaumwa nini tena?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Kwenye ubongo na uti wa mgongo kuna vipokezi. Vichukulie kama viti. Mofini ikivikalia, maumivu yananyamaza. Ikizidi, hata kupumua mtu anasahau. Hii sindano imeiinua mofini, ikakaa yenyewe. Lakini haikawii kuondoka, na vile vidonge bado vinayeyuka tumboni. Kiti kikiwa wazi, mofini inarudi."

Mke akaitikia kwa adabu, ila moyoni hakusadiki hata kidogo. Nesi alipogeukia kitanda cha pili, mke akainama chini ya meza, akavichukua viatu, akampa mumewe.

Fundi akavaa cha kulia. Alipokuwa akifunga kamba za cha kushoto, vidole vikalegea, kidevu kikaanguka kifuani.

"Dada! Nimemuua!"

Mama Viatu alishafika, sindano ya pili mkononi. "Hujamuua. Inua kidevu. Hivyo hivyo." Akadunga. Fundi akavuta pumzi ndefu yenye kelele, na mkewe akaangua kilio mbele za watu, bila haya.

Wakamtundikia dripu ya dawa ileile. Jioni, rangi imemrudia usoni, fundi akaulizia tena viatu. Mama Viatu akachungulia chini ya meza. Hamna kitu.

Mke alikuwa ameketi mlangoni, amevikumbatia.

"Sivitoi," akasema, "mpaka dada aniambie viti vimebaki vitupu."