Udongo wa Uani kwa Bibi

Juzi binti wa jirani yangu hapa Tudor alipanda ngazi akihema, mfuko wa udongo begani. Udongo wa kununua, mwenzangu! Umefungwa kwa nailoni na umeandikwa mboji. Ataka kupanda nyanya kwenye roshani. Akaniomba kisu cha kukatia kamba, nikampandishia kwao, na mfuko ulipofunguka tu, harufu ikanipiga usoni: majani yaliyooza yakaoza vizuri, na mvua ya kwanza. Nikashika ukuta.

"Khala, kizunguzungu?"

"Ni hizi ngazi zenu."

Hazikuwa ngazi. Ulikuwa ni ua wa bibi aliyenilea, Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachotokea Makadara.

Nyumba ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, nzee kuliko yeyote aliyelala ndani yake. Chini ya ua ni mwamba mtupu, kama kisiwa chote kilivyo. Lakini juu ya mwamba ule ungeweza kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na udongo wote huo, konzi kwa konzi, aliutengeneza bibi, na kabla yake mamake.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa majani. Tukitoka chuo cha Kurani alasiri, vitabu vyetu twavitundika msumarini, twachukua magunia na fagio la chelewa, twakwenda kuzoa majani ya miti ya mikungu, yale mapana mekundu yanayolia kama karatasi ukiyakanyaga. Nyumbani twayamwaga kwenye rundo la pembeni. Juu yake chicha za nazi, makapi ya chai, maganda ya ndizi, halafu majani tena. Matumbo ya samaki yalizikwa katikati kabisa, paka wasiyapate. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa mtaroni hata siku moja, ukionekana, utakoma.

Asubuhi za baridi, upepo wa kusi ukivuma, bibi akilifunua rundo, moshi watoka. "Tia mkono," aniambia. Natia, natoa mbio. "Moto? Basi waache, wako kazini."

"Kina nani, bibi?"

"Vidudu vyangu. Hata Ijumaa hawafungi duka."

Likipoa, tunaligeuza. Likiwa jeusi na halina tena harufu ya samaki, linakwenda chini ya asumini, na juu yake tunatandaza majani makavu ili jua lisiukaushe udongo. Na asumini ile, wallahi, ilichanua mpaka jirani walikuwa wakibisha hodi kwa harufu. Bibi alifuma vikuba, vile vishada vya asumini na rihani vya kubandika kifuani, wakavijia watu wa mitaa mizima. Na nyumba yetu ilikuwa na ada yake: msichana akiolewa, anatoka na kikapu cha udongo wa uani na tawi la asumini limechomekwa ndani. Shangazi zangu wote walitoka na vyao. Mimi nilikuwa nikikipima changu kwa macho, kikapu gani kitakuwa.

Sasa waliolimaliza jambo hili nawajua, na nitawataja. Mimi shule niliishia njiani, lakini hesabu hii sikosei.

Wa kwanza ni ami, mtoto wa bibi mwenyewe. Alirudi kutoka Arabuni kumuoza binti yake, akasimama uani na kanzu yake nyeupe, kaikunja isiguse chini.

"Mama, wageni waje waone jaa nyuma ya nyumba?"

"Jaa hilo umezaliwa karibu nalo, mwanangu. Na ubwabwa wako wa utotoni ulipikiwa papo hapo."

"Hapa mjini, mama. Si shamba."

"Mjini maua hayanuki?"

Wa pili ni mwanamke wa ghorofa ya jirani. Miaka mingapi alivaa vikuba vyetu! Siku ile akatoa kichwa dirishani: "Kweli ami yao, na tandu pia wamezidi!" Tandu mmoja, mwenzangu. Aliyeingia mwenyewe.

Wa tatu ni fundi. Alitaka kumaliza kabla ya harusi, akamwaga saruji ua mzima, na mteremko wake ukaelekea jikoni. Bibi akamwonyesha kwa kidole. "Maji yatajijua, mama," fundi akasema.

Na wa nne? Udongo haukutoka wenyewe. Ami alituahidi soda ya baridi, nasi tukajipanga na makarai, kutoka uani mpaka kwenye mkokoteni, kutoka mkokoteni mpaka ufuoni. Tukaimba. Tukashindana nani atajaza zaidi, na mshindi nilikuwa mimi. Maji ya bahari yalibadilika rangi yakawa kama kahawa, tukacheka. Niliporudi kuchukua karai jingine, bibi alikuwa mlangoni pa jikoni, ameshika pazia.

"Na wewe?"

Hayo tu. Akaliangusha pazia. Mimi nikajaza karai.

Harusi ilifana. Viti havikuyumba kwenye saruji, asumini ikanunuliwa sokoni, na bibi harusi akatoka na masanduku matatu bila kikapu.

Halafu zikaja mvua za Elinino. Zamani mvua ikipiga, ua uliinywa yote, hata ndala hazikulowa nyayo. Sasa maji yalifanya kama fundi alivyosema: yalijijua. Yakaja jikoni, siku baada ya siku, yakala chokaa chini ya ukuta. Ami alikuwa ameshapanda ndege. Asubuhi moja mimi na bibi tulikuwa tukiyateka maji hayo, yeye anajaza ndoo jikoni, mimi naibeba kwenda kuimwaga mlango wa mbele. Nilikuwa mlango wa mbele. Ukuta wa jikoni haukupiga kelele nyingi. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Watu wakaniambia nina bahati. Bado wananiambia.

Pale sasa pana jengo la maduka, na mimi niliolewa bila kikapu. Hapa Tudor chini ya dirisha langu upo mkungu mkubwa, na kila asubuhi bawabu anafagia majani yake, anayarundika, anayatia moto. Moshi ukipanda nafunga dirisha. Miaka yote hii sijashuka kumwambia, baba, nipe gunia moja.

Binti alijaza ndoo zake mbili, udongo ukamwishia.

"Khala, mwingine kama huu watoka wapi?"

Moshi wa majani ulikuwa umeshafika roshani. Nikavuta dirisha.

"Dukani, mwanangu," nikamwambia.