Fundi Bomba wa Kitanda cha Pili

Jirani yangu wodini ni fundi bomba. Hata akiwa chali kitandani, hugonga ukuta kwa kidole, husikiliza, kisha huguna. Maumivu yalimkata mgongo akiwa chini ya sinki la mteja: mshipa mwembamba wa uti wa mgongo ulikuwa umevimba, ukavuja damu, miguu ikafa ganzi. "Kuugusa ni hatari," daktari alimwambia. "Tusubiri, huenda ukajiziba wenyewe." Mkewe akija kumwona, fundi humwambia yale yale: "Mama watoto, kunavuja, na wenzetu madaktari wanasubiri!" Leo picha zimeonyesha mshipa umejiziba kweli. Alivitazama vidole vya miguu vikichezacheza chini ya shuka, akamvuta daktari mkono. "Dokta," akanong'ona, "hili lisiwafikie wateja wangu."