Zamu Niliyoipokea Mlangoni

Siku ile ilianza kama siku nyingine. Asubuhi nilifua koti langu jeupe, nikalianika uani, nikanywa uji bila haraka. Saa saba mchana nikaenda wodini kupokea zamu kwa Sista Luzi, na kama kawaida yangu, nilikuwa nimeshanuna kabla sijafika.

Hospitali ilikuwa ndogo, milimani huko kwetu Burundi, wakati wa vita. Mimi Zaituni, mtoto wa mtaa wa Buyenzi mjini, ndiye niliyekuwa nesi mkuu wa wodi ya wanawake. Vitanda kumi na vinne, na kila kitanda kilijua jina langu. Mpaka alipokuja yeye.

Luzi alikuwa Mfilipino. Hakuwa mtawa, wagonjwa ndio walioanza kumwita sista, na jina likamganda. Alikuwa mfupi, viatu vyake vyeupe pe hata msimu wa matope, na Kiswahili chake alikitoa Kigoma, alikofanya kazi kabla ya kuletwa kwetu. Ndani ya mwezi mmoja wagonjwa wangu wakawa wanamngojea yeye awachome sindano. Mimi nikipita na trei, wanajifanya wamelala. Jamani, niliumia.

Tukiwa tunakunja bandeji alipenda kutusimulia habari za manesi wa kwao. Bibi yake alifundishwa na Wamarekani walipokuwa wanatawala visiwa vyao, kwa Kiingereza, akipigishwa pasi kofia yake mpaka isimame wima. Mama yake akaenda Marekani kwenyewe, na hakuwa peke yake. Walikwenda wengi, mpaka ikawa huko kwao msichana anasomea unesi akijua kuna ndege inamsubiri. Yeye Luzi alipita Saudia kwanza. Vizazi vitatu vya manesi! Bibi yangu mimi aliuza dagaa. Katika ukoo wetu wote mimi ndiye wa kwanza kuvaa koti jeupe, na nilidhani hilo ni jambo kubwa, mpaka nilipokaa karibu naye.

Alisimulia pia kwamba alilelewa na shangazi, na kwamba utotoni mama yake alimwona mara nne tu. Hilo sikutaka kulisikia. Wivu huchagua cha kusikia.

Lakini kilichonichoma zaidi ni namna yake ya kukabidhi zamu. Sisi tulizoea kuandika kwenye daftari, anayeingia anasoma, basi. Luzi hakutaka. Alikushika mkono akakuzungusha kitanda kwa kitanda, mbele ya kila mgonjwa akaeleza hali yake, na hakusogea mpaka useme kwa sauti, "Nimempokea." Bibi yake alimfundisha hivyo: mgonjwa hatoki mkononi mwa mtu mpaka afike mkononi mwa mwingine. Mimi niliona ni dharau. Mgeni anikabidhi mimi wagonjwa wangu?

Siku ile nilisimama mlangoni. Akaninyooshea mkono, mimi nikakunja mikono yangu.

"Nimewapokea wote," nilisema. "Nenda kapumzike."

Alinitazama kidogo. Akasema kuna jambo la kuniambia kuhusu Goreti. Nikamwambia nitasoma kwenye daftari. Akaenda chumbani kwake, nami daftari sikulifungua.

Saa tisa tulisikia risasi upande wa barabara.

Tulikuwa tumezizoea za mbali. Hizi hazikuwa mbali.

Niliwatoa kwa mlango wa nyuma. Wanaoweza kutembea waliwashika wasioweza. Tukateremka hadi kwenye shamba la kahawa, tukalala kifudifudi kati ya miti.

Luzi alikuja mbio, na povu la sabuni bado mikononi. Akapita akimgusa kila mmoja begani. Akarudia tena.

"Goreti yuko wapi?"

Goreti alikuwa mama mmoja aliyevunjika mguu. Nilisema sikumwona kitandani, nikadhani ameruhusiwa.

"Nilimhamishia chumba cha mwisho asubuhi. Anakohoa."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningekuwa na cha kushika mpaka leo.

"Basi bado yuko mkononi mwangu," alisema. Akapanda mlima kurudi wodini.

Hakurudi.

Sisi tulirudi kesho yake, baada ya wale wenye bunduki kuondoka na walichokitaka, dawa na magodoro. Luzi alikuwa amelala mlangoni mwa chumba cha mwisho. Goreti alikuwa chini ya kitanda, hai. Alituambia Luzi alimsukuma huko, akamfunika kwa mashuka machafu, kisha akatoka mwenyewe kuwakuta mlangoni. Alimsikia akiwaambia hiki ni chumba cha kuwekea mashuka, hakuna mtu.

Tulipomaliza kumzika, daktari wetu akaniuliza mgonjwa alisahaulikaje. Nikasema Luzi hakunikabidhi. Wallahi nilisema hivyo, na udongo bado mbichi. Daktari akatikisa kichwa, akasema labda alichoka. Hata wakati ule, wanawake wakilia jina lake, kuna kitu ndani yangu kiliona wivu kwa vile walivyokuwa wanalia.

Siku hizi naishi Turffontein, ukimbizini. Cheti changu cha unesi, kilichoandikwa Kifaransa, hapa Johannesburg, bora ningefungia maandazi. Nilizungushwa maofisini mpaka nikachoka. Namtunza bibi mmoja Midrand, na jioni nampokeza mwenzangu Thandeka. Namshika mkono, tunaenda mpaka kwenye kiti cha bibi, namweleza kala nini na kalala vipi, na siondoki mpaka aseme amempokea. Thandeka hucheka. Gogo, ndivyo anavyomwita bibi, mwenyewe ni mmoja, ananiambia, nitampoteza wapi? Mimi nasubiri tu.

Binti yangu Salma, aliyezaliwa huku, anasomea unesi. Kiswahili anakielewa chote, lakini ananijibu kwa Kiingereza, na akikasirika, Kizulu. Amenikuta nikikabidhi hivyo tangu akiwa mtoto anayengojea kwenye ngazi za nyumba za watu. Aliponiuliza zamani nani alinifundisha, nilimwambia ni mimi mwenyewe, nilianzisha njia hiyo vitani.

Wiki iliyopita alikuwa mezani na kompyuta yake. Chuoni wamepewa kazi ya kuandika historia ya unesi wa nchi moja, naye kachagua Ufilipino, kwa sababu wenzake wote wanataka kwenda nje na anasema Wafilipino ndio waliotangulia njia hiyo. Mwishoni akaongeza ukurasa juu ya mama yake. Akanisomea: mama yangu Zaituni, nesi mkimbizi, ndiye aliyebuni namna hii ya kukabidhi mgonjwa, nami nitaipeleka kokote nitakakokwenda. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Hajawahi kunitazama hivyo, mimi ninayesafisha wazee wa watu.

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza. Chai ilipoa mbele yangu.

"Futa hapo," nikamwambia. "Si yangu."

Nikamweleza yote: mlango, mikono niliyoikunja, Goreti, na maneno niliyoyasema makaburini. Nilimweleza bila kujitetea, maana ningeanza kujitetea nisingemaliza. Nje taksi zilikuwa zinapiga honi kwenye roboti, taa za barabarani.

"Eish, Mama," alisema mwishowe, taratibu, kisha kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: "Jina lake lote nani?"

Luzviminda. Alituambia limeunganishwa kutoka sehemu tatu za nchi yao. Nikamtajia herufi moja moja, naye akachapa.

Kabla hajachapa alifuta jina langu. Nililitazama likiondoka, Zaituni, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na jina lake likakaa pale pale. Nilifanya lililo haki, najua. Na bado niliona wivu.