Matumbo ya Sinema na Kope za Mjomba

Sijawahi kuelewa, na sitaki kuelewa, raha anayoipata mtu mzima kukaa mchana kutwa akitazama mwenzake akichinjwa. Nasema hivyo mimi mwenyewe mwenye benchi, mwenye projekta na mwenye paneli za sola zilizo juu ya bati. Ukumbi wa video ulio nyuma ya soko la Kakuma ni wangu, na nyaya zake zote nilizifunga kwa mikono hii.

Sikuupata kwa mume wala kwa mwanasiasa. Nilivuka Kainuk, mpakani mwa Turkana, nikiwa msichana, nikashuka Kenya, kama tunavyosema sisi wa huku juu, nikafua nguo za watu Eldoret mpaka nikapata diploma ya umeme. Darasani tulikuwa wanaume watupu na mimi, na walioshindwa kuunganisha mota waliniita niwaunganishie. Diploma hiyo nimeitundika juu ya mlango wa ukumbi. Anayeingia lazima apite chini yake. Niliporudi ningeweza kubaki Lodwar, ofisini, kwenye kivuli. Nikachagua Kakuma. Nilitaka watu wangu waone mpira, waone filamu za kilimo cha matone, waone watu waliovumbua vitu.

Filamu ya kilimo cha matone ilitazamwa na mbuzi mmoja aliyekuwa anatafuta baridi.

Walichotaka ni damu. Wenye maduka, vijana wa bodaboda, akina mama wa kambini kutoka Sudan Kusini wenye watoto mgongoni, wote walitaka mtu mwenye shoka, ngazi inayolia usiku, mochari ambamo maiti wanaamka. Na kwa kuwa filamu hizo zinasema lugha za kigeni, ilinibidi kuzitafsiri. Nakaa pembeni ya ukuta na kipaza sauti, filamu inakwenda nami nasimulia, Kiswahili kidogo, Kiturkana kingi. Kuanzia hapa hadi Nariokotome hakuna anayenishinda kwa kazi hiyo.

Siku moja mtu wa shirika fulani alikuja kuuliza kama ni vizuri kuwaonyesha damu watu waliokimbia vita. Nikamwambia awaulize wenyewe, wale pale wameketi. Mama wa kambini anayeuza chai mlangoni kwangu akamjibu kwamba vitani hakupata nafasi ya kutoka katikati akaangalie sufuria yake, na hapa anaipata. Mimi nilikasirika mara mbili, kwa swali na kwa jibu.

Lakini aliyenichosha kuliko wote alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, mzee mwenye chale za bega, zile walizochanjwa wanaume wa zamani waliomuua adui. Alikuja kwangu kutoka Namoruputh kwa ajili ya macho. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, kila akipepesa zinakwaruza jicho. Muuguzi alisema kope zisipopasuliwa upesi, jicho litaingia ukungu na mzee hataona tena. Madaktari wa macho walikuwa wanafika Lodwar. Nikampigia dereva, nikapanga kila kitu mimi mwenyewe, kama kawaida.

Mchana wa kuamkia safari, mjomba alikuwa mbele kabisa, juu ya kigoda chake cha mbao, kwa sababu benchi zangu anasema ni za watoto wa shule. Alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya shuka na kumcheka muuaji kwa uvivu wake. Filamu ilikuwa ya mtu mwenye ndoana ya bucha. Ndoana ilipompasua mlinzi na matumbo yakamwagika sakafuni, mjomba akainua fimbo.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha, nikidhani anataka kwenda haja. Akasogea hadi ukutani, kivuli chake kikamfunika muuaji, na wazee wenzake wakamfuata. Kisha wakayasoma. Waliyasoma matumbo ya sinema kama tunavyosoma matumbo ya mbuzi nyumbani kabla ya kuhama: huu mto, hili boma, hii njia, hiki cheusi adui. Mjomba akaweka ncha ya fimbo kwenye ukuta wangu mweupe, akatangaza kwamba njia ya Lodwar imefungwa. Haendi.

Wenzake wakaafiki. Dereva mmoja wa bodaboda akauliza kama ya kambini iko wazi, maana abiria wake anasubiri nje. Watu wakacheka, mjomba hakucheka.

Nilichemka. Nikazima projekta, nikawaambia yale ni mpira na sharubati, yametengenezwa mezani na watu wanaolipwa mshahara. Nikaongeza kwamba hata yangekuwa ya kweli, mbuzi husomewa boma lililomtoa, na yule mlinzi si wa boma letu.

"Nimelipa kiingilio," mjomba akasema. "Ni wangu."

Hajawahi kulipa kiingilio tangu nifungue ukumbi. Hilo nikalimeza. Lakini nikamwambia, na kipaza sauti bado kilikuwa mkononi, kwamba ndoana ikiingia kwenye jicho la mtu mwingine yeye anacheka, na kisu kidogo cha daktari ndicho kinamkimbiza.

Mwenye chale haambiwi neno kama hilo mbele ya watu, na mimi si mgeni wa mila. Mjomba akarudi kwenye kigoda chake polepole, akageuza uso kunielekea.

"Mtoto wa dada," akasema, "wewe umesema ni sharubati. Mbona damu ikitoka unaangalia feni?"

Benchi zote zikaangua kicheko, mama wa chai akajishika kiuno mlangoni. Ni kweli. Damu ikianza mimi naangalia feni na kusimulia ninachosikia: kilio, mlango, hatua za mtu. Nayasimulia vizuri hivi kwamba watu wanatoka wakisema wameona zaidi ya kilichokuwepo. Hilo si woga, ni malezi. Nilitaka kuwaeleza hivyo, ila hakuna aliyenisikia.

Kelele zilipopungua, mjomba akasema ataenda, kwa sharti moja. Niingie naye chumbani kwa daktari, nimsimulie kisu kinavyokwenda, na nisiangalie pembeni.

"Na njia iliyofungwa?" nikamuuliza.

"Imefungwa kwa mtu mmoja. Sikusema wawili."

Hapo hasira zangu zikapata mahali pa kukaa. Mzee yule hakuwahi kuamini matumbo ya mlinzi. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea ambao haungemvua chale zake, na mpumbavu mwenye ndoana akampa.

Lodwar daktari alinikataza kuingia. Nikamweleza mimi ni nani, nimesoma nini, na kwamba nisipoingia mzee atateremka mezani. Akanipa barakoa. Walimchoma sindano ya ganzi kwenye kope, wakamfunika uso wakabakiza jicho moja. Mkono wake ukatafuta wangu chini ya kitambaa.

"Anza," akasema.

Hapakuwa na muziki. Watu wa sinema hukupa ngoma kwanza ujue la kufanya na moyo wako. Pale palikuwa na mlio wa mkasi kwenye trei, basi. Nikasimulia. Ameshika kisu, mjomba, ni kidogo kuliko cha kunyolea. Anakunja kope. Amekata. Macho sikuyaondoa.

"Damu?"

"Tone."

"Unaangalia feni."

"Hapa hakuna feni, mjomba. Tone la pili hilo, linafutwa. Sasa anashona."

"Endelea."

Nikaendelea mpaka jicho la pili, sauti ile ile ya ukumbini, na daktari mwenyewe akawa anangoja nimalize sentensi ndipo avute uzi.

Sasa mjomba anakaa nyuma kabisa, kwa sababu anaona mbali. Anawaambia watu kwamba upasuaji wa Lodwar ulikuwa mchezo dhaifu, hakuna aliyekufa. Filamu yoyote ikimwaga damu nyingi anaguna kwamba ni uongo, ya kweli ni matone mawili, na bado habanduki mpaka iishe. Mimi nimerudi kwenye feni yangu. Nilishatazama mara moja, kwa sababu iliyonihusu, na inanitosha.