Chumvi Kwenye Mti wa Sukari

Kwetu Rabai mtoto hazaliwi peke yake. Kitovu kikishakauka na kuanguka, bibi yake hukizika nyuma ya nyumba, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi huo ni wa mtoto. Ndugu wanaweza kugombea mashamba mpaka wafikishane mahakamani, lakini huo hauguswi. Ukikomaa, mgema huukwea, na tembo lake la kwanza ni la mwenyewe.

Siku niliyoondoka kumfuata mume wangu Uingereza, mavyaa wangu, mama yake, alinivuta kando, watu wakiwa wanalia kwa adabu, akaniambia, "Ukizaa huko, kitovu kisitupwe na takataka za Wazungu. Asiye na mti ni mgeni hata kwao."

Nikamwitikia. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na koti la kuazima, na kitovu niliona ni jambo dogo.

Binti yangu alizaliwa Birmingham, baridi ikianza. Kondo la nyuma walilichukua hospitali bila kuniuliza, nami sikuuliza. Nilikuwa nimechoka na mkunga alikuwa na haraka. Lakini kitovu kilianguka nyumbani. Nilikikuta kwenye nepi, cheusi, kikavu kama karafuu. Nikakifunga kwenye kipande cha kanga, nikakitia kwenye kopo la majani ya chai, kisha nikakaa kitandani nikalia. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili juu kabisa ya nyumba ya mtu huko Moseley. Katika mji mzima huu sikuwa na udongo hata wa kujaza kiganja.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kanada miaka mingi. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ndefu inayoteremka mpaka kwenye ukuta wa matofali. Majira yale alipata miche kutoka kwa rafiki yake wa kule, miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera yao. Alinisimamisha kwenye ngazi, mikono yangu imejaa nepi mbichi, akanieleza kwamba hii si mepo ya hivi hivi. Mbegu zake zilitoka kwenye miti iliyopimwa ikaonekana maji yake yana sukari kuliko ya wenzake. Baridi ikielekea kuisha unautoboa mti, maji yanadondoka kwenye ndoo, unayachemsha mpaka yanakuwa shira.

"Kumbe mnagema," nikasema kwa Kiswahili, maana neno lake la Kiingereza sikulijua.

"Samahani?"

"Nasema kwetu pia tunafanya hivyo. Kwa mnazi."

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Basi utanisaidia kupanda. Mgongo wangu umegoma."

Nilimwuliza miche hiyo itangoja muda gani kabla ya kutobolewa. Akacheka. "Mimi nitakuwa nimekufa. Huyo labda," akamwonyesha mtoto mgongoni kwangu, "atakuwa na watoto wake."

Hapo ndipo nilipoamua. Mti wa kugemwa, tena unaomsubiri mtoto akue. Kama huo si mnazi, mnazi ni nini?

Tulipanda asubuhi yenye ukungu. Yeye alielekeza, mimi nilichimba, mtoto amelala kwenye kigari chake karibu na mlango. Tulipofika shimo la mwisho, lile la ukutani, mzee aliingia ndani kutia birika motoni. Nikatoa kopo langu. Nilifanya kila kitu kama kinavyofanywa kwetu: kitovu na kanga yake, majivu kidogo, na chumvi. Mnazi haustawi bila chumvi, hilo kila mtoto wa pwani analijua. Nilikuwa na pakiti nzima mfukoni mwa koti. Konzi moja nikaiona ni uchoyo, mtoto mwenyewe ni wa kwanza. Nikaimimina yote, ndani ya kanga na juu yake, nikausimamisha mche, nikafukia, nikashindilia kwa kisigino.

Jioni nilimwambia mume wangu. Alikuwa amerudi kutoka Washwood Heath, kwenye kiwanda cha magari, na daftari za masomo yake ya jioni ziko mezani.

"Umezika nini?"

"Kitovu cha mwanao."

"Kwenye bustani ya Mzungu?"

"Ulitaka nikizike wapi, kwenye zulia?"

Akafunga daftari. "Mama mtoto, tunaishi kwa watu. Akijua, atatuona washenzi."

"Mama yako ndiye aliyeniagiza."

"Mama yangu haishi Moseley."

Hakulitaja tena. Mimi nilitaka kulitaja kwa mtu, ndiyo maana Jumapili moja baada ya ibada nilimwendea dada mmoja mkubwa, mwenzetu wa Rabai, sista wa wadi, yaani msimamizi wa wauguzi, katika hospitali moja ya hapa. Sisi wanawake wote wa kanisani tulimwogopa kidogo. Glavu zake zilifanana na mkoba wake. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe Sutton Coldfield, na mbele ya nyumba mtofaa alioupanda mwaka aliozaliwa mwanawe. Mtofaa huo ulimsumbua. Kila mwaka majani yake yalikauka kingo kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, na kila mwaka alimlaani aliyemuuzia. Nikamwuliza polepole kama na yeye, alipojifungua, alizika kitovu.

"Mdogo wangu," akasema, huku akivaa glavu, "hayo tuliyaacha forodhani Mombasa. Usiyaseme mbele za watu."

Nikaona aibu. Kisha nikaona hasira kwa kuona aibu, na hasira hiyo haikuniondolea ile aibu hata chembe. Nilipanda basi navyo vyote viwili.

Miche ilichipua. Nilikuwa naiteremkia kila siku baada ya kuanika nguo, mtoto kiunoni, namwonyesha: ule pale wako. Miti mingine ilifungua majani mapana ya kijani. Wa kwake ulifungua machache, na kabla joto halijakolea yakaanza kuungua kingo. Mzee aliukagua kwa miwani miwili. Alinyunyiza dawa. Alisema labda ni wadudu, labda ni kivuli cha ukuta. Mwishowe akasema, "Huu hautafaa. Nitaung'oa."

Sikulala vizuri juma lile. Nilipanga maneno ya Kiingereza na yote yalikuwa mabaya.

Jumamosi nilichungulia dirishani nikamwona ameinamia ukutani na sepetu, mume wangu amesimama karibu naye kwa heshima, amempakata binti yetu. Nilishuka ngazi zote zile nikiwa na nepi mkononi. Nilipofika, mche ulikuwa umelazwa kwenye nyasi na mzee ameshika kanga yangu. Aliifungua. Ndani kulikuwa na mabonge meupe. Akagusa bonge kwa kidole, akakilamba kidole.

"Chumvi," akasema.

Mume wangu alijibu kabla hajaulizwa, kwa kile Kiingereza chake cha kuzungumza na msimamizi wa kiwanda. "Hatujui hicho ni nini, bwana. Labda ni cha wapangaji wa zamani."

Mtoto mwenye kitovu amemshika kifuani. Mkono wake mdogo uko kwenye kola ya shati lake. Nilimtazama mpaka akageuza uso.

"Ni changu," nikasema. Neno la Kiingereza la kitovu sikuwa nalo. Shuleni tulifundishwa majina ya mito ya Uingereza, si hilo. Nikainua blauzi ya mtoto nikaonyesha kwa kidole, kisha nikaonyesha kanga. Mzee akatazama tumbo la mtoto. Akatazama kanga. Akatazama kidole chake.

Alikwenda kwenye bomba, akasukutua kwa muda mrefu. Nikasimama nangoja kuitwa mshenzi. Nilikuwa na majibu tayari, makali, mengine ya matusi.

Aliporudi alisema, "Lakini chumvi, mama. Chumvi kwenye mepo."

"Kwetu mti wa kugema hupewa chumvi."

"Mti gani?"

"Mnazi."

"Mnazi unaota ufukweni," akasema, na sasa ndipo sauti yake ilipopanda. "Kanada wakimwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, mepo za kando ya barabara hufa mstari mzima. Mzima. Umeuchoma mizizi."

Majibu yangu yote yalikuwa ya jambo jingine. Ningeweza kubeba dharau ya Mzungu mpaka Rabai na kurudi nayo, lakini hakunidharau. Aliniambia tu kilichotokea. Mti wa mwanangu nimeuunguza kwa mkono wangu, kwa upendo, pakiti nzima.

"Kirudishe," akasema mzee, akionyesha kanga bila kuigusa tena. "Chumvi ibaki jikoni."

Nilitoa ule udongo wote mpaka nikalifikia tabaka jekundu. Nililoweka mizizi kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. Nikaupanda tena, kitovu chini yake, na majira yale yote yaliyobaki nilishusha ndoo za maji kila asubuhi kuisukuma chumvi iende chini zaidi, iende popote. Majirani walinitazama juu ya ukuta, nikimwagilia kijiti kwenye mvua.

Mume wangu alinitazama kutoka dirishani. Nilimwambia mara moja tu. "Umemkana mwanao kwa ajili ya bustani."

"Nilikuwa nakuokoa wewe."

"Nani alikwambia nazama?"

Akachukua koti lake la kazini akatoka. Alianza kupita njia ya mbele ili asipite bustanini.

Mti haukufa. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Wenzake sasa wanampita mtu kimo, na mzee ameanza kuwachoma kwa sindano mwishoni mwa baridi, tone moja moja, analichungulia kwenye kidude kama darubini ndogo kinachompa kipimo cha sukari. Kila mti una kibati chenye namba yake. Wa binti yangu unafika kwenye goti langu. Kibati kipo, ameufunga kama mingine, lakini hakijaandikwa kitu. Alisema hawezi kuuchoma sindano mti wenye shida zake.

Pasaka hii mzee aliniambia niwaalike watu wetu wa kanisani waje kunywa chai bustanini. Nadhani alitaka watu wa kuwaonyesha miti. Walikuja wamependeza, na dada yetu wa Sutton Coldfield alikuja na glavu. Mume wangu aligawa vikombe. Wanawake waliteremka nami mstari kwa mstari, wakisoma namba, nikiwaeleza habari za shira, na nilikuwa najisikia vizuri, sitadanganya. Nilikuwa nasema "huu una sukari nyingi, ule una zaidi," kama shamba ni langu.

Tukafika ukutani.

"Na huu mfupi?" akauliza yule dada. "Mbona hauna namba?"

"Sijui," nikasema. "Ni wa mwenye nyumba."

Jibu lilitoka laini. Tena kwa Kiswahili, lugha yangu mwenyewe, bila Mzungu yeyote karibu wa kuogopwa. Mume wangu alikuwa nyuma yetu na sinia. Alisikia. Hakucheka wala hakuinua nyusi, alisimama tu na sinia lake, na afadhali angecheka.

Binti yangu alikuwa amechuchumaa anachimba kwa kijiko. Kiswahili anakielewa chote lakini hakijibu. Akasema kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa, "Ni wangu huo."

"Makubwa," mmoja akasema. "Kumbe mwenye nyumba ana mrithi."

Wakacheka, kile kicheko chenye kiwiko ndani yake. Mtoto aliinua kichwa, akanitazama mimi, si wao. Miaka mitatu na kitu amekuwa akiletwa hapa na kuambiwa ni wake, na aliyekuwa akimwambia ni mimi.

"Ni wake," nikasema. "Kitovu chake kiko hapo chini, nilikizika mwenyewe. Na umedumaa kwa sababu niliutia chumvi, pakiti nzima, kama mnazi. Haya, chekeni."

Walicheka kweli, wale wa bara hasa, ambao chumvi na mnazi kwao ni hadithi. Mmoja aliniuliza kama nilitia na bizari. Mume wangu aliweka sinia kwenye nyasi. Akaja akachuchumaa karibu na mtoto, na suruali yake ya kanisani, akaanza kung'oa magugu yaliyouzunguka mti. Sikumwambia asante.

Wengine walipopanda kurudi kwenye chai, dada yetu wa Sutton Coldfield alibaki. Alikuwa anayatazama majani ya mwaka jana yaliyonasa kwenye kijiti, yale yenye kingo kavu. Alivua glavu moja, akaligusa moja. Kisha akatazama nyuma kuona kama kuna anayesikia, akanisogelea.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kwani chumvi haiwekwi?"