Pahali Panapovuja

Fundi Baridi aligombana na mafundi wenzake wote wa viyoyozi vya magari, na ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa gesi. Gari likiletwa halipozi, wenzake hukimbilia mtungi, wakajaza, mwenye gari akaondoka anatetemeka kwa ubaridi huku akishukuru. Baridi akiona hivyo damu humchemka. Gesi ya kiyoyozi si petroli, alisema. Gari haliinywi, linaizungusha tu ndani ya mabomba. Ikipungua imetoka, na kama imetoka kuna pahali panavuja. Kujaza bila kupatafuta, kwake, ulikuwa wizi wa mchana kweupe.

Basi kwake ulikalishwa kwanza ukaulizwa maswali. Tatizo limeanza lini? Gari linapoza asubuhi na kushindwa mchana? Linapoza likikimbia na kugoma kwenye foleni? Kisha alichomeka kipimajoto panapotokea upepo, akasikiliza kompresa inayosukuma gesi, akatazama kama feni inazunguka inavyotakiwa, akashika mabomba kwa mgongo wa mkono, na ndipo alipofunga geji za kupimia gesi. Gesi ikiwa pungufu alitia rangi ndani ya mabomba, akavaa miwani ya njano na kupitisha taa ya zambarau juu ya kila kiungo, hadi pahali panapovuja pang'ae kijani. Wenye haraka walimwita mbishi na kwenda zao. Hakujali hata chembe.

Mkewe alikuwa na cherehani mlangoni mwa karakana hiyohiyo, akishona vitambaa vya viti vya magari. Kwa mdomo, mama huyo hakuwa na mpinzani. Mtu akimuuliza kwa nini anajifunika shali jua likiwaka, alijibu kwamba ukiolewa na Baridi utafanya nini. Walikaa hivyo miaka thelathini na mmoja, yeye mlangoni na mume chini ya boneti, wakirushiana maneno siku nzima, na saa saba wakala kwenye bakuli moja juu ya meza ya geji.

Mwaka ule mama akaanza kuchoka. Alishona kiti kimoja akapumzika, akashona nusu akapumzika. Viganja vikapauka. Baridi akaenda duka la dawa akanunua chupa ya dawa ya kuongeza damu, na jamani, ilifanya kazi. Wiki ya pili mama alikuwa amerudi kwenye utani wake. Mwezi haukuisha, akalegea tena. Baridi akanunua chupa nyingine. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimwambia ampeleke dada hospitali wakamtazame vizuri. Baridi akasema haina haja, dawa inamkubali, si unaona mwenyewe anavyochangamka? Akanunua ya tatu, na ya nne.

Hapo ndipo panaponiuma mimi. Laiti angekuwa mtu asiyejua! Lakini huyu ndiye aliyegombana na wenzake wote kwa kosa hilohilo.

Mwezi wa tano akaja dereva wa taksi. Kiyoyozi chake kilijazwa gesi mara tatu kwa mafundi watatu, na kila mara kilipoza wiki chache tu. Baridi akamwambia akae kwenye benchi, akafanya taratibu zake zote, na taa ilipofika nyuma ya kompresa, kijani kikang'aa kwenye pete moja ya mpira, nyembamba kama uzi. Akamwita dereva aje aone. Kisha akaanza kumsomea, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mara tatu unajaziwa, unaona nafuu, inaisha, unarudi kujaziwa. Hukujiuliza hata siku moja inakwenda wapi?"

Cherehani ikanyamaza. Mama alikuwa ameegemea kitambaa, shali mabegani, anatabasamu kama mtu anayetaka kutania.

"Na mimi je, baba watoto?" akasema. "Yangu inakwenda wapi?"

Dereva alicheka, akidhani ni mzaha wao wa siku zote. Baridi hakucheka. Alivua ile miwani ya njano akamtazama mkewe, midomo ile, viganja vile vilivyopauka. Akamwomba dereva aliache gari hadi kesho, akafunga karakana saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hospitali walimwingiza mama mpira wenye taa tumboni. Kulikuwa na uvimbe, ukivuja damu kidogo kidogo kwa miezi. Daktari alieleza kwa upole kwamba kila alipoongezewa damu ilikuwa ikipotelea humo, na kwamba mwanzoni uvimbe ule ungeweza kukatwa. Sasa ulikuwa umeshasambaa. Baridi aliuliza mwanzoni ni lini. Daktari akasema miezi minne nyuma, mitano hivi. Chupa ya kwanza.

Mama aliishi wiki sita. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe zaidi. Siku moja tu alimwambia asijitese, kwani hata yeye mwenyewe alikuwa akimsikia akimkaripia kila mteja na hakuwahi kujiuliza.

Baada ya mazishi Baridi alirudi karakana, maana nyumbani kulikuwa hakukaliki. Cherehani ilikuwa palepale, kitambaa cha kiti kikiwa bado chini ya sindano, nusu. Hakukitoa. Alikuwa akifuta geji ambazo hazikuwa chafu, taksi ile ilipoingia.

Dereva alishuka akampa pole kwa mikono miwili. Habari alikuwa ameipata juzi tu. Akakaa naye kwenye benchi, kisha, kwa kutaka kumwinua moyo, akamwambia kiyoyozi, tangu alipokibadilishia ile pete, hadi leo kinapoza na hakijapungua hata kidogo.

"Wale wenzako wamehangaika nacho miezi," akasema. "Wewe nilikutazama kwa saa yangu. Dakika ishirini tu, ukapaona."

Baridi aliweka geji mezani, akageukia cherehani.

"Dakika ishirini," akasema, na mbele ya mteja wake akalia kwa sauti.